Fomu Isiyo na Mjomba

Kilambo,
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mpendwa Mjomba Fernando,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua tangu Krismasi limeanza kukusikiliza. Mama anauliza kama ile dawa ya kuchua umeitumia au umeiweka dirishani uitazame. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, mpunga wa bondeni umeshika, na viboko nao hawajambo, maana juzi waliingia shamba la mzee Jaime wakatoka wameshiba. Mama anaendelea na vitumbua vyake pale kivukoni, anawauzia wanaosubiri maji yajae wavuke kwenda Msumbiji. Anasema wasafiri wa mwaka huu wana njaa kuliko pesa.

Najua unashangaa barua. Simu unayo, na mimi ninayo, na kutoka hapa mpaka Mtwara mjini si safari ya kumaliza siku. Nimechagua karatasi kwa sababu simu ungeikata, Mjomba, tunajuana. Tena wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno la mdomoni linaweza kukataliwa kesho, lililoandikwa lina mwenyewe. Basi soma mpaka mwisho. Kasirika ukitaka, lakini endelea kusoma.

Nianze na habari ya kazi, maana kila mtu ananiuliza, nawe umeniuliza kuliko wote. Kampuni zote mbili za ukaguzi zimenikubali. Ndiyo, zote mbili, Halden na Strome, zile ulizokuwa ukisema hata watoto wa wakubwa wanazipangia foleni. Mama alipiga vigelegele mpaka watu wa kivukoni wakadhani kuna harusi. Halden wananipa mshahara mzuri, na baada ya mwaka mmoja huwapeleka baadhi ya vijana nje kujifunza. Strome wanalipa pungufu, lakini watanigharamia mitihani yote ya CPA na kazi itakuwa Mwanza, mji ambao sijawahi kuukanyaga na simjui mtu. Husna, yule niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja chuoni, alinicheka sana. Alisema watu wanatafuta ajira mpaka soli zinaisha, mimi nakaa naminyaminya kampuni kama maembe sokoni.

Nikuambie pia jambo la usaili wa Halden. Walikuwa watatu mezani, wakaniuliza mkaguzi akifika ghalani aanze na nini. Wenzangu walikuwa wamekariri vitabu. Mimi nikawaambia aanze na mkono. Aguse gunia, asihesabu kwa macho, na aandike alichokigusa, siyo alichoambiwa. Mama mmoja mwenye miwani akaweka kalamu chini, akaniuliza hilo nimelisoma wapi. Nikamjibu sikulisoma, nilifundishwa na mjomba wangu mtunza ghala nikiwa na miaka tisa. Kifua kilinijaa, Mjomba. Nadhani jibu lile ndilo lililonipa kazi.

Sasa turudi mwezi wa kumi na moja, nilipokuja ghalani kukuletea chakula cha mchana kama zamani, ugali wa muhogo na kisamvu. Ulifurahi kusikia Halden wameniita usaili wa mwisho. Ulisema hao ndio wanaoikagua kampuni yenu ya korosho, kwa hiyo nisifikirie mara mbili. Halafu ukanawa mikono, ukatazama mlangoni, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikishaingia, kazi yangu kwako itakuwa ndogo tu: nikudokeze tarehe wanayokuja kuhesabu magunia, siku mbili tatu kabla. Ulisema ni jambo la kawaida, damu nzito kuliko maji. Nilicheka kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikakusanya vyombo nikaondoka.

Mwezi wa kumi na mbili Halden wakanitumia fomu. Kila anayeajiriwa kwao lazima aandike ndugu zake wanaofanya kazi kwenye kampuni wanazozikagua, asije akapewa kumkagua mtu wa kwao. Na kama kuna jambo analolijua, aliseme hapohapo. Kuna visanduku vya mume au mke, watoto, baba, mama, kaka na dada wa tumbo moja. Basi, imekwisha. Niliigeuza nyuma, nikaigeuza mbele. Fomu haina mjomba! Nikampigia dada Pendo wa ofisi yao ya ajira, nikamuuliza. Alicheka, akasema wajomba hawahesabiwi, tukianza na wajomba karatasi zitatuishia. Ila chini kabisa kuna mistari mitatu ya mtu mwingine yeyote ambaye mwenyewe unaona ni wa karibu, na wengi huiacha wazi.

Nilikaa na fomu ile nikawa nacheka peke yangu kama mwehu. Baba yangu, niliyemwona mara mbili maishani, amepewa kisanduku chake. Wewe uliyenipa jina, uliyekwenda kusimama mbele ya mwalimu mkuu niliporudishwa nyumbani, wewe ambaye posa yangu haitapokelewa usipokuwepo, hawana habari nawe. Hebu wapelekee Wamakonde fomu hiyo uone watakavyocheka. Lakini baada ya kicheko nikaelewa kwamba nimefunguliwa mlango. Naweza kuingia Halden, nikaacha mistari ile wazi, na hakuna atakayeniambia nimesema uongo.

Mlango mwingine ulikuwa Strome. Hao kampuni yenu hawaigusi. Wiki nzima nilikuwa mtu wa Strome. Nilijiambia nikiwa Mwanza sitaulizwa tarehe kwa sababu sitaijua, tutabaki mjomba na mpwa, Krismasi nakuletea shati. Barua ya kuwakubali nilishaiandika. Lakini kila nilipotaka kuituma nilijiona niko Mwanza kwenye ghala la watu, nimemsimamisha mzee mwenye goti bovu, namwambia apangue rundo lake nione katikati. Huyo mzee naye ana mpwa wake. Ningempangulia yeye kwa mkono gani, wakati kuna rundo moja Mtwara nimelipita kimya?

Ndiyo, Mjomba. Nimesema katikati ya rundo. Kama umesimama, kaa.

Unakumbuka nilivyokuwa napotea ghalani, likizo za shule ya msingi? Uliita weee, nikaja kutokea baadaye na vumbi la korosho mpaka kwenye nyusi, ukadhani nilikuwa kwenye mizani na walinzi. Sikuwa huko. Rundo la pili kutoka ukuta wa nyuma, gunia moja la chini lilikuwa limelazwa upande, tofauti na wenzake, na pembeni yake mtoto mwembamba alipita. Ndani kulikuwa na chumba. Magunia yalikuwa kuta pande zote nne, mengine yamepangwa juu ya mbao kama dari, na katikati hakuna kitu. Niliamini umenijengea mimi. Naapa, niliamini hivyo miaka yote. Humo nilikariri jedwali la kuzidisha. Humo nililia Bibi alipofariki, kwa sababu kulikuwa na ubaridi na hakuna aliyeniona. Sikukuambia kwa sababu nilidhani unajua, na kwamba ni siri yetu wawili.

Mwaka wa tatu chuoni, mwalimu wa ukaguzi alichora ubaoni rundo la magunia, akalikata katikati kwa chaki, akatuuliza tunaona nini. Mimi niliona chumba changu. Mwalimu akaeleza kwamba mzigo ukipungua ghalani, wapo wanaopanga magunia kuzunguka uwazi, anayehesabu kwa nje akaona rundo limejaa. Nilikusanya madaftari nikaenda kulala mchana ule. Husna akadhani nina malaria, nami nikamwacha adhani hivyo. Ni mwaka mmoja na zaidi sasa nimelibeba, sikumwambia mtu. Na siku ile ya kisamvu, ulipokuwa unanawa mikono, nilitupa jicho ukuta wa nyuma. Lile gunia bado limelazwa upande.

Sisemi umekula wewe. Paa lako linavuja, baiskeli ni ileile ya tangu nikiwa darasa la tatu. Mwizi gani huyo? Nadhani kuna mkubwa aliyechukua zamani, wewe ukatia sahihi, na kila msimu mpya umekuwa ukikijenga upya kile chumba kwa woga. Inawezekana pia kwamba ada yangu ya shule ilitoka humo. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, na nitakuuliza uso kwa uso, siyo kwenye karatasi. Lakini hata ukinijibu ndiyo, nakupenda, na nilichoamua sikibadilishi.

Nimewakubali Halden. Barua ya Strome nimeichana. Halden niliwataka tangu mwaka wa kwanza, na sikubali kile chumba kinichagulie kazi. Kwenye ile mistari mitatu nimeandika jina lako kamili, na mbele yake nimeandika: mjomba, ndiye aliyenilea. Mistari haikutosha. Nimeambatisha karatasi nyingine, nimeandika nilichokigusa kwa mkono wangu nikiwa na miaka tisa na nilichokiona mwezi wa kumi na moja. Sikuongeza nilichohisi, na neno ulilonong'ona nalo limo, kwa sababu nililisikia mwenyewe. Hata kama Halden wakiisoma karatasi hiyo na kusema kazi basi, heri wanirudishe Kilambo niuze vitumbua.

Mama nilimwambia jana tukichambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka mchele wa ungoni ukaisha. Halafu akasema funika kombe mwanaharamu apite, niende zangu Mwanza nikale samaki. Leo asubuhi akaja na kalamu na karatasi hizi alizonunua dukani mwenyewe, akasema kama ni lazima nikuandikie, basi nikuandikie kwa adabu, kwa maana wewe ni kaka yake na hana mwingine. Kama mahali nimekosa adabu, kosa ni langu, siyo la malezi yenu.

Sasa Mjomba, uliniomba tarehe. Hii hapa, ya kwanza na ya mwisho utakayoipata kwangu: Jumatatu, tarehe 27 Januari. Siku hiyo naikabidhi fomu Halden kwa mkono wangu. Una siku kumi na sita. Nakuomba kwa jina la Bibi, usizitumie kulijaza rundo. Lipangue. Nenda kwa meneja, useme kwa mdomo wako nani alichukua na wewe ulitia sahihi nini. Mtu aliyejisema mwenyewe na mtu aliyefumaniwa hawatazamwi kwa jicho moja, hata mbele ya sheria. Kama kwa hili nakukosea, basi acha nikukosee. Kukuacha ukamatwe mbele ya wapagazi wako ndiko kusikowezekana kwangu.

Nipo hapa Kilambo mpaka tarehe 24. Nipigie. Hata usiposema neno nitaelewa, nitapanda bodaboda ya kwanza, utanikuta getini nimeshika ugali wa muhogo na kisamvu. Tutakula kwanza, kisha tutaingia kwa meneja pamoja, na viatu vyangu vya usaili nitavivaa.

Barua hii anakuletea Bakari wa bodaboda. Nimemwonya akupe mkononi, asimwachie mlinzi. Mfuko aliobeba una vitumbua na chupa nyingine ya dawa ya goti. Mama anasema hii ujichue nayo, usiitazame. Msalimie Mama Goodluck na watoto wote. Mama anakusalimu, mzee Jaime anakusalimu, na wanaokuulizia kivukoni ni wengi, sitawamaliza kuwataja.

Ukianza kupangua, anza na lile gunia la upande. Na nilitaka ujue, Mjomba, kwamba kile chumba nilikipenda sana, hata kama hukunijengea mimi.

Ni mimi mpwa wako,
Ermelinda