Sofa la Mama Halikaliwi

Shosti, nimo kwenye gari nje ya ukumbi. Ndiyo nimetoka kuona ile filamu ya kanisa la utani la marehemu baba na rafiki yake Verlon.

Si unakumbuka walilianzisha kwenye gereji yetu hapa Denton, kuwacheka wahubiri wa TV wanaosimamisha wagonjwa ili watoe sadaka. Mungu amejilaza kwenye sofa, na amri ni moja tu: aliyechoka asisimame.

Filamu yenyewe nzuri, baba alipotokea nililia. Taa zikawaka. Jukwaani kuna lile sofa letu la kahawia la gereji, mama alilowaazima wenye filamu, limezungushiwa kamba. Mama akaitwa aseme neno. Akapanda na magoti yake yale mabovu, akasogeza kamba akae.

Verlon akamdaka mkono. "Hapana, Nadine. Hapo hapakaliwi."

Hapakaliwi. Sofa la mama.

Mama akamwambia, "Verlon, hilo doa ni la sosi ya nyama choma uliyomwaga wewe." Watu wakacheka, wakadhani ni maigizo. Verlon hakucheka. Akasema, na kipaza sauti kikamnasa, "Usinivunjie heshima mbele ya waumini."

Waumini, shosti. Huyu huyu aliyekuwa akihubiri na chupi kichwani.

Nikaanza kukanyaga miguu ya watu nimfuate mama. Kabla sijafika, Verlon akaanzisha wimbo. Mama kashika ukuta, kasimama, na ukumbi mzima umekaa kwa raha zake, unamwimbia: aliyechoka asisimame.