Kwa Hana, Aliyeondoka na Mzigo wa Akello

Mpendwa Hana, mjukuu wangu wa kuazima,

Barua yako imefika. Mama Wanjiru, yule Mkenya muuza vitenge wa mlango wa tatu, amenisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini masikio yangu. Sasa yeye ndiye anayeandika ninayosema, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Barua hii ataivusha mwenyewe hadi Kenya na kuitia posta huko. Hapa Kampala barua inasomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe, na baadhi yao hawajui kusoma kama mimi.

Unasema unataka kurudi. Ule mradi wenu wa wanafunzi wauguzi utakuleta tena miezi mitatu kututumikia, hali ikitulia. Unasema mara ile ulipokaa kwangu ulijifunza mengi kuhusu nafsi yako. Hana, mwanangu, mtu anavuka nchi zote hizo kuja kuitafuta nafsi yake Nsambya, katika nyumba ya polisi ya vyumba viwili? Uliipotezea hapa lini?

Mama Wanjiru ananitazama. Anasema nipunguze ukali. Nimemwambia aandike.

Mimi nakukumbuka vizuri. Alikuleta yule bwana wa mradi mwenye soksi ndefu. Alikagua choo, akabonyeza godoro kwa kidole kama anayenunua papai, akamwuliza mwanangu Sajenti kama maji tunachemsha. Binti yake Akello alikuwa amesimama palepale, mwanafunzi muuguzi wa darasa hilohilo ulilokuja kukaa, na bwana yule hakumwuliza hata jina. Ukalala na Akello kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule, na asubuhi mkapanda kilima pamoja kwenda wodi ya wazazi.

Wiki ya kwanza ulirudi unalia. Wanawake wa wodini walicheka Kiswahili chako. Ulimwambia mke wa koplo "zaa kidogo kidogo," naye akakujibu, "Dada, hii si chai." Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakupa posho, ugali wa huku, na maharage, na Akello akakaa na wewe mpaka ukajua kusema "sukuma" na "pumzika" kama watu. Mtoto wa koplo aliitwa Hana. Sasa ana miguu, anaiba mayai ya majirani. Jina lako limepata kazi.

Na malaria ilipokushika ulimwita mama yako kwa lugha yenu, nami nikaitika. Sikujua unasema nini baada ya hapo. Lakini mtu akiita mama ndani ya nyumba yangu lazima aitikiwe. Nilikuosha mgongo, nikakushika kichwa ukitapika, na ulipopona ukaniambia, "Jaja, wewe ni bibi yangu sasa." Sikukusahihisha. Nilifikiri unajua maana yake.

Kwetu mtoto wa mtu akija kulala kwako msimu mzima, akala chungu chako, akauguzwa mikononi mwako, basi wako naye anakwenda kulala kwao. Hakuna anayeandikiana. Hakuna anayekumbushana. Ndivyo nyumba mbili zinavyokuwa ndugu. Miezi yote uliyokaa hapa mimi nilikuwa namtayarisha Akello kwenda kwa mama yako. Nyumba yenu ina vyumba vitano, ulinihesabia mwenyewe, na viwili havilali mtu.

Siku mliyoitwa mwondoke haraka, ninyi wazungu wa mradi, Akello aliniambia jikoni, "Jaja, mimi siendi popote. Hakuna aliyeniita."

Nikamwambia, "Nyamaza. Wewe unajua sindano, adabu ya watu huijui. Mtoto wao amelala kwetu, watakuacha vipi?"

Nikatoka na mzigo wake. Magauni yake mawili ya kitenge, sweta, shuka jeupe, na kopo la simsim, ufuta niliousaga mwenyewe kwa ajili ya mama yako. Nikakutia mikononi uushike kidogo, Akello anafunga viatu. Wewe ukaanza kulia. Ukanikumbatia na mzigo katikati yetu. "Jaja! Hii yote kwangu?" Dereva akapiga honi. Nilikuwa bado natafuta neno, gari likaondoka.

Akello akatoka na viatu vimefungwa vizuri kabisa.

Mke wa koplo alikuwa anaanika nguo. Akaniuliza, "Jaja, mzigo umesafiri, mbona mwenyewe yuko hapa?" Leini nzima ya nyumba za polisi ilipata cha kucheka. Na baada ya muda ikaja picha, wewe umevaa gauni la Akello juu ya suruali, rafiki zako wamekuzunguka, meno nje. Nyuma umeandika kwamba wote wanakuonea wivu. Akello aliitazama, akasema, "Pale kwapani limembana."

Nilimfuata bwana wa soksi, aliyebaki kufunga hesabu, ofisini kwake, Nakasero, kwa miguu. Nikamwuliza wetu anaondoka lini. Akacheka kwa upole, wanavyocheka watu wanaokupa kiti.

"Jaja, huu mradi ni wa wanafunzi wa kule. Wanakuja kuona Afrika, kusaidia kidogo, wanarudi na cheti."

"Na wanafunzi wetu?"

"Wa kwenu tayari wako Afrika, Jaja."

Hana, nimezika mume na watoto wawili, nimeshuhudia wanajeshi wakichukua mkungu wa ndizi kutoka kichwani kwa mwanamke mjamzito. Lakini upumbavu uliopigwa pasi kama ule sikuwahi kuukuta. Nikamwambia Mungu amrefushie soksi zimfike mdomoni. Mama Wanjiru amecheka, amechafua karatasi. Utaona.

Sasa nisikilize.

Unauliza kama Akello amemaliza kusoma. Atamaliza na nani? Walimu wazungu walifungasha. Wa kwetu waliojua kazi, mmoja mmoja, walisema wanakwenda kuzika shangazi Kenya, na mashangazi wa Kenya wakafa wengi sana mwaka huu. Darasa la Akello lilikuwa linafundishwa na ubao. Mchana alikuwa mwanafunzi, jioni ndiye sista wa zamu, hana glavu, hana pamba, chupa ya maji ya chumvi anaitafuta kama sukari. Huyo ndiye unayetaka kuja kumsaidia kidogo kwa miezi mitatu.

Kisha akaja kapteni wa jeshi. Alikuja wodini kumsalimia mke wa rafiki yake, akamsalimia na Akello. Kesho yake akarudi. Yule mama aliruhusiwa na mtoto wake, kapteni akaendelea kurudi. Akatuma dereva hapa nyumbani na kilo tano za sukari, na ujumbe kwamba Jumamosi gari litakuja kumchukua Akello kwa chakula cha jioni. Hakuuliza. Aliarifu. Mwanangu Sajenti aliiangalia ile sukari, mikono juu ya magoti, hakuirudisha, na mimi sikumlaumu. Unajua watu wetu wa kaskazini wanaishi vipi kambini siku hizi. Anayesema hapana leo, kesho mkewe anazunguka vituo vya polisi akiuliza.

Sukari tuliila. Sukari haina kosa. Lakini Ijumaa asubuhi Akello alivaa kitenge kama mchuuzi, akabeba robota kichwani, akapanda basi la Busia, mpakani, nyuma ya Mama Wanjiru. Jumamosi gari lilipokuja nilimwambia dereva msichana amekwenda kumzika shangazi. Akaniuliza, "Na wewe, mama mzee, shangazi huyo ni wa wapi?" Nikamwambia, "Wa kwetu sote, mwanangu. Utamfuata na wewe." Akaondoka. Hajarudi, na sijui ni kwa nini, na silali nikilitafuta jibu.

Akello yuko Nairobi, kwa dada yake Mama Wanjiru, anafua nguo za watu. Binti aliyekwisha kuzalisha wanawake nisiowajua idadi anafua soksi. Anuani iko nyuma ya bahasha.

Mama Wanjiru ameuliza kwenye ubalozi wenu kule. Hawataki machozi, wanataka karatasi mbili. Moja kutoka shule yako ya uuguzi, kwamba kuna nafasi amalizie masomo. Nyingine kutoka kwa mama yako, kwamba atalala kwake. Hizo ndizo nataka. Sitaki uje. Nauli ya kukuleta wewe ututazame tena impeleke yeye akakutazameni ninyi. Na akifika, akikosea lugha yenu wodini, mcheke. Lakini jioni mpe chakula, ukae naye mpaka aweze. Akiugua akaniita, mama yako aitike.

Akello hajui kwamba nakuandikia. Angekataa. Anakupenda bado na anasema hukujua. Mimi nasema kutojua kwako kumelishwa vizuri sana hapa kwangu, sasa kunatosha.

Usinijibu kwamba unaniombea. Kuomba najua mwenyewe. Usinijibu kwamba moyo wako uko pamoja nasi, moyo hauna kitanda. Ikiwa shule imekataa, ikiwa mama yako ameogopa, andika neno moja, hapana, uliandike kubwa, ili Akello atafute kazi Nairobi na mimi niache kutazama mlango. Hapana nitakusamehe. Nimeambiwa hapana maisha yangu yote na bado nakula. Lakini ukiniandikia "tutaona," Hana, hiyo sitakusamehe, hata nikifa nitakuja kukubonyezea godoro.

Msalimie mama yako. Mwambie nilimwitikia mara moja mtoto wake.

Nakupenda bado, na jambo hilo linaniudhi kila siku.

Jaja wako