Kona Aliyoiacha Wazi

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo na watoto. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi hatujambo, Mungu anatubeba, ila nyumba imepoa tangu tumzike Bibi. Wateja bado wanagonga kuulizia magodoro yao. Jana mmoja ananiambia, "Nilimlalamikia hili ni gumu, akanijibu watu wa kwao milimani hulala juu ya mawe na kuamka na heshima zao." Nilicheka mpaka nikalia.

Hukuja kuzika, na sikulaumu. Najua neno lake la siku ya harusi yako bado limekukaa kooni, kwamba mtu wa bondeni hatashona mto wa kulalia nyumbani kwake. Kila bibi harusi wetu alitengenezewa mto, kona moja ikaachwa wazi aifunge mwenyewe, ndipo awe wa kwetu. Mkeo peke yake hakupewa.

Mwisho wa mwezi ujao tuna sala ya kumkumbuka. Njooni wote, nakuomba.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, kifua kimetulia. Bibi alinilea, sijasahau. Mpaka leo kabla ya kuketi naangalia kwanza kama kitini kuna sindano. Lakini mke wangu amemtumia salamu miaka yote hii, hazikujibiwa hata moja. Nimlete amwombee aliyemkataa? Nitakuja peke yangu, au nisije kabisa.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwa kifua chako. Hebu nisikilize.

Nilikuwa nasafisha chumba cha kazi. Chini ya magunia nimekuta mto mpya, kona moja wazi, sindano imechomekwa na uzi wake. Nikaenda kumuuliza muuza sufi.

"Alikuja na fimbo yake, akataka sufi ya bondeni," akasema. "Nikamtania, Bibi, leo jua limetokea wapi? Si ulisema hiyo ni ya kujazia matandiko ya punda? Akaniambia, pima, na mdomo ufunge. Binti wa watu alalie cha kwao."

Alichelewa tu, mdogo wangu. Kiburi chake unakijua, angeanzia wapi? Nadhani alingoja mje, ampe kama vile hakuna kilichopita.

Mto nimempa dereva wa basi la huko. Mpe mkeo. Akiutupa, sitanuna, nitaendelea kuwaombea.

Dada yako

24 Aprili

Wifi, shikamoo.

Leo naandika mimi. Mume wangu yupo hapa, anajifanya anasoma gazeti. Watoto wazima, wanakusalimu.

Mto umefika. Niliufungua kwa hasira, nione ni kitu gani hasa nilichonyimwa. Nikaingiza mkono pale konani. Ni sufi ya kwetu kweli, harufu yake naijua tangu utoto. Nikalia, kisha nikamkasirikia tena. Angenipa kwa mkono wake.

Kona sijaishona. Mshono wake wa milimani siujui, na wa kwetu sitaki kuutia hapo kwa kujificha. Tunakuja wote Ijumaa. Niwekee kiti chake, ukae karibu unielekeze. Nikikosea, uniseme kama ambavyo angenisema yeye.

Wifi yako wa bondeni