Kinyoya Kilichonaswa Wavuni

Mjukuu wangu Chola,

Nakusalimu kutoka Nchelenge. Bibi yako ni mzima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama niliwahi kushindwa mbele ya watu. Naam, tena kwa kelele nyingi.

Miaka ya hamsini, vijana wa Kilwa, si ile ya pwani bali iliyo ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kongo, walivuka kushindana nasi katika mchezo wa vinyoya, ule wa kupiga kinyoya kwa raketi kipite juu ya wavu. Mshindi angepata mbuzi. Hatukuwa na wavu wa mchezo, tukatundika wavu wa samaki wa mwenzangu Mwape. Tulikuwa sare, imebaki pointi moja, nami nikakipiga kinyoya kikanasa wavuni.

Mwape akapaza sauti: "Kilichonaswa ni cha mwenye wavu! Pointi ni yetu!"

Ufuko mzima ulishangilia, kwa kuwa ndiyo sheria ya wavuvi. Nilimtamani sana yule mbuzi, lakini nilikiri mbele ya wote kwamba nimekosa na pointi ni ya Kilwa.

Nahodha wa Kilwa akacheka: "Mwape, ndugu yangu, ubebe samaki yako. Siye tunabeba mbuzi!"

Mwape alininunia siku mbili. Mwaka uliofuata watu wa Kilwa walitualika kwao, na hawakutaka mwamuzi mwingine ila mimi.

Ni mimi babu yako,
Kabwe