Suti ya Kuogelea Haijafa Bado

Jumatatu, 4 Agosti

Kurasa tupu tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Najiwia radhi mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwomba. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa mvivu. Yatosha.

Asubuhi Fumba, kama kila Jumatatu. Maji yamepoa, kipupwe cha mwaka huu hakina mzaha. Nimeogelea hadi boya la njano na kurudi. Nyumbani nimeisuuza suti kwa maji baridi, nimeigeuza ndani nje, nimeitundika uani kivulini, kwa kiuno na si kwa mabega, isije ikavutika. Mpira hautaki jua wala moto. Kila anayeingia nyumba hii nimemwambia hivyo.

Imechakaa lakini. Kwapani mpira umeanza kupasuka, nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Shingoni imelegea. Salma, binti wa kaka yangu, ameishika, akaivuta, akakunja uso.

"Shangazi, hii ishachoka."

"Imechoka. Haijafa."

Amecheka. Sikutania.

Tarehe 24 ni mashindano, hapo hapo Fumba. Kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia. Timu yetu ni ya watu watatu: mimi majini, Salma kwenye baiskeli, rafiki yake Asha kwa miguu. Nikijitoa mimi, timu haipo. Wengine hawavai suti kwa sababu maji yetu si ya baridi kiasi hicho. Mimi waandaaji wameniruhusu, kwa umri na kwa stara. Nawashukuru. Hata hivyo sababu yangu kubwa ni nyonga. Tangu ilipoharibika, mguu wa kulia huzama nikiogelea. Mpira wa suti huuinua. Nchi kavu ninachechemea. Majini, ndani ya suti ile, sichechemei.

Swali ni moja: nguo kama hii hubadilishwa lini? Kabla haijamtupa mtu majini, au baada? Mwenye akili atasema kabla. Mimi nasema baada ya mashindano.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeijaribu tena. Maji yanaingia shingoni na kushuka mgongoni. Mwanzo baridi, kisha uzito. Nilipotoka nilikuwa nimebeba ndoo nzima ndani ya nguo.

Salma amepata habari za bwana mmoja wa Kiwengwa anayewauzia wapiga mbizi wa mahoteli. Anaagiza suti kwa vipimo vya mtu. Inatoka mbali, haitawahi tarehe 24. Kwa hiyo hakuna cha kuamua kwa sasa. Nimenunua gundi ya mpira Darajani. Nimeziba nyufa za kwapani na mshono wa mgongo. Mikono inanuka gundi hata baada ya kula.

Ijumaa, 15 Agosti

Mwanangu Khalfan amekuja baada ya sala. Amenibusu mkono, shikamoo, marahaba, chai, kileja. Kisha akaiona suti uani. Nikajua kinachofuata.

"Mama, nasikia unataka kuagiza mpya."

"Nafikiria."

"Kwa umri huu? Nguo ile inakaa miaka. Utaivaa mpaka lini?"

Hilo ndilo lililomleta. Hakusema "gharama", hakusema "hatari". Alisema mpaka lini. Kanzu mpya nikishona haniulizi. Nikinunua kitanda haniulizi. Kuagiza suti ni kusema kwamba nitakuwa majini mwakani, na mwaka utakaofuata, na hilo ndilo linalomkera. Kwamba sina nia ya kukaa barazani nikisubiri.

Akaongeza kwamba watu wanasema. Nikamuuliza ni watu gani. Nimesomesha nusu ya mji huu. Wanaosema wengi wao niliwafundisha kuandika majina yao. Waje waniambie mimi.

Dada yangu Zuwena alikuwa jikoni akisikiliza. Tunaishi wawili tu tangu tulipofiwa na waume zetu. Khalfan akamwita amsaidie.

"Bi Zuwena, mwambie basi mdogo wako!"

"Nimwambie nini, mwanangu? Nshasema mpaka koo limekauka. Huyu akifa majini atawagombeza samaki."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Zuwena hajatia mguu baharini tangu utoto wetu, alipochukuliwa na mkondo pale Mangapwani akatolewa hana fahamu. Kila nikienda Fumba husoma dua mlangoni mpaka niishie kichochoroni. Namheshimu kwa hilo. Lakini simtii.

Jumamosi, 16 Agosti

Gundi imeshika. Boya na kurudi. Maji kidogo tu.

Tutaona nani mzee.

Jumatano, 20 Agosti

Sijui nianze wapi.

Alasiri nilitoka sokoni. Kwenye ngazi nikakutana na harufu ya udi, udi mzuri, ule wa harusi. Nikadhani tumepata wageni. Nikapanda. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Mpira.

Zuwena alikuwa ameitandaza suti yangu juu ya tenga la kufukizia nguo. Chini yake chetezo, makaa mekundu, moshi unapanda. Yeye amekaa pembeni na upepeo, ameridhika, kama anayemfukizia bi harusi.

"Da Zuwena! Huo mpira!"

"Ndiyo maana nikaufukiza. Unanuka."

Nikaikwapua. Kifua kimekuwa kigumu kama ukoko. Mkono wa kushoto umegandana, kitambaa kwa kitambaa. Ule wa kulia umejikunyata kuanzia kiwiko. Nilipojaribu kuunyoosha ulikatika kwa sauti.

Akasema tarehe 24 watakuwapo watu wengi, wageni, wakubwa wa serikali. Akasema hakutaka nduguye asimame mbele yao ananuka gundi. Akasema: "Siku kubwa, utatokaje na nguo haijapita moshi?"

Ni kweli kwamba katika nyumba yetu hakuna nguo ya siku kubwa inayotoka bila kupita moshi. Mama alitulea hivyo. Nguo za Idi, nguo za harusi, hata buibui la kwendea maulidi. Lakini nilisema. Nilisema si jua wala moto. Nilisema mara ngapi?

Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika.

Alhamisi, 21 Agosti

Sisemi na Zuwena. Ameweka chai mezani. Nimejipikia nyingine.

Salma amekuja jioni. Ameitazama suti muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba anaweza kuwaambia waandaaji timu yetu imejitoa, kwamba hakuna atakayetulaumu, kwamba mwakani ipo.

Mwakani ipo kwa nani? Yeye ana miaka ya kugawa. Mimi nimefanya mazoezi tangu kaskazi, nyonga ikiniuma kila usiku, na sikufanya hivyo ili nikae kwenye kiti nikipiga makofi. Nimemwambia asimpigie mtu simu.

Khalfan amepata habari. Ametuma ujumbe: "Labda ni heri, Mama." Heri yangu naijua mwenyewe.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimechukua mkasi wa kushonea. Nimekata mikono yote miwili. Kifua kigumu nimekikanda kwa mafuta ya nazi mpaka kikakubali kukunjika. Ndani nitavaa fulana nyeusi ya mikono mirefu na suruali yake. Kichwani, kofia ya mpira juu ya ushungi mdogo. Stara imetimia. Nyonga na miguu havikuguswa na moto, navyo ndivyo ninavyovihitaji.

Nimejitazama kwenye kioo. Naonekana kama kitu kilichotoroka jikoni.

Nitaogelea hivyo hivyo.

Zuwena alipita mlangoni, akaniona, akasimama. Nikageuka.

Jumapili, 24 Agosti

Nimechoka lakini nitaandika, kesho nitakuwa nimeanza kuyapamba.

Pepo zilikuwa za wastani, maji yana mawimbi madogo ya kukera. Vijana wengi, miguu mirefu, wageni kwa wenyeji. Mmoja aliniuliza kwa adabu kama nimekuja kumsindikiza mjukuu. Nikamwonyesha namba yangu mkononi. Akaomba radhi. Zuwena alikuja, sikujua amepanda gari ya nani. Alikaa mbali chini ya hema na buibui lake, mkoba mapajani. Hatukusalimiana.

Filimbi. Niliwaacha watangulie, sipendi kupigwa mateke. Hadi boya la kwanza nilikuwa salama. Suti ilinibeba kama zamani. Nilipozunguka boya nikasikia mgongo unaachia. Si ule mpasuko wa kwapani. Mshono wote, kutoka shingoni hadi kiunoni, taratibu, kama mtu anayefunguliwa vifungo. Gundi imeshindwa. Au moto ulikuwa umeshaimaliza kazi yake na mimi sikutaka kuona.

Maji yakajaa. Mguu wa kulia ukazama, kisha na wa kushoto. Niliogopa. Nataka liandikwe: niliogopa sana. Nilimeza maji. Kijana wa uokozi akaja na ubao wake.

"Bibi, shika hapa! Nakuvuta mpaka pwani!"

Nilijua kanuni. Akinivuta, timu imetoka. Nikamwambia akae karibu, asiniguse. Akasema, "Bibi, usinitie dhambini." Nikamwambia dhambi yangu naibeba mwenyewe, anyamaze apige kasia. Nikageuka chali. Kwa mikono tu, miguu ikiburura, macho mbinguni. Mwili mzito kama gunia la chumvi. Sijui ilichukua muda gani. Wote walikuwa wamekwisha toka. Nilisikia watu wanapiga kelele ufukweni, nikadhani wananicheka. Nikazidi kupiga maji.

Mgongo ukagusa mchanga. Nikajaribu kusimama, na nyuma yote ya suti ikafunguka na kuning'inia. Fulana ya ndani imenigandama. Nikaketi majini tena, haraka. Nilikuwa nimevuka bahari nzima nikashindwa na hatua chache za mwisho, mbele ya watu wote wale.

Ndipo nikamwona Zuwena. Alikuwa ndani ya maji. Buibui limeelea pande zote, maji kiunoni, uso mweupe kwa hofu, midomo inasoma. Ameshika kanga mikono miwili, ameikunjua.

"Da Zuwena, toka! Utalowa!"

"Nshalowa. Simama, weye! Watoto wanakungoja."

Akanizungushia kanga, akaifunga begani kwa fundo lile la nyumbani. Wimbi likampiga kifuani. Akaling'ang'ania bega langu, akapiga ukelele mmoja mdogo, hakurudi nyuma. Tukatoka tumeshikana. Nani alikuwa akimshika mwenzake, sijui. Salma alinigusa mkono, akarukia baiskeli, akaondoka akilia.

Tumekuwa wa mwisho. Timu imemaliza. Wameandika majina yetu matatu.

Jumatatu, 25 Agosti

Mwili wote unauma. Nimeanza kusema na Zuwena. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya Jumatano. Akasema hakuyasikia. Aliyasikia.

Jumapili, 31 Agosti

Mvua ndogo asubuhi, kisha jua. Sikwenda Fumba, sina cha kuvaa.

Bwana wa Kiwengwa alifika jana na kitabu cha picha za suti na utepe wa kupimia. Alikaa barazani, kama inavyopasa, sisi tukapimana chumbani. Zuwena alinipima: kifua, kiuno, nyonga, mguu. Akazisoma namba kwa sauti ya kumfikia bwana barazani, na majirani wote sasa wanaujua upana wangu. Nilimgombeza. Akaendelea.

Khalfan hajakubali. Alipiga simu kusema picha yangu chali majini inazunguka kwenye simu za watu. Nikamuuliza kama nimepiga mikono sawasawa. Akakata.

Tulipomaliza, nilinyoosha mkono nichukue utepe niukunje. Zuwena hakuniachia. Alisimama palepale katikati ya chumba, akaangalia ukutani, akainua mikono yote miwili pembeni.

"Hebu nipime na miye," akasema. "Kujua tu."

Nikampima. Mabega yake ni membamba kuliko nilivyodhani.

Leo anasema hajui. Anasema maji ya kiunoni anayaweza, ya kifuani labda, zaidi ya hapo Mungu ndiye mjuzi. Ameomba muda. Sitamsukuma. Bwana yule anasubiri jibu, aagize moja au mbili, na nimemwambia asubiri.

Tukishakata shauri, mimi na Zuwena, nitaliandika hapa.