Bia ya Chungu

Jumapili, mchana. Upepo wa Ufipa leo umeamka vibaya, mabati ya nyumba yanapiga kelele kama yana kesi na mtu. Na mimi ulimi wangu tangu jana sielewani nao.

Niandike ukweli hapa, maana grosari siwezi.

Miaka yote hii, pale kwa Mama Rozi, Chanji, nimekuwa nikisimulia nilivyokunywa bia ya Uingereza bandarini Mpulungu, ng'ambo ya mpaka. Kreti nzima, mimi na nahodha Mwingereza. Yeye akazidiwa, ikabidi meli niilete Kasanga mwenyewe. Bia yenyewe, nikawaambia, tamu kama asali, baridi ya kugonganisha meno.

Mpulungu nilikwenda kununua mitumba. Chupa niliiona dirishani tu.

Kwa ujuzi huo huo nikamkataza dada yangu Skola kupika pombe ya ulezi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Siku hizi ni soko huria, bia za kila taifa zinapita mpakani Kasesya, halafu wageni kutoka Dar tuwape chungu cha kunyonya kwa mirija, huku tunaongezea maji ya moto? Mjomba mtu nikasema hapana. Vyungu vyake vitatu nikavipandisha darini kwa mikono yangu.

Ulezi alikuwa ameshauotesha. Alikwenda tu kugeuza kimea chake juani.

Basi jana Mwalimu Piti, Mwingereza anayefundisha Kaengesa, karudi kutoka likizo na chupa mbili za bia ya kwao. Alisikia habari zangu, akaja nazo mpaka grosari. Karatasi ya chupa imeandikwa Bitter. Nikawasomea watu kwa sauti: beta, yaani bora kuliko zote. Mama Rozi alitaka kuiweka kwenye friji, Piti akakataa.

Ilikuwa ya kahawia. Povu kidogo, kama la kuombwa. Nikanywa.

Uvuguvugu. Halafu chungu, kama kwinini.

Watu wananitazama. Nikafuta midomo, nikasema hii imeharibikia njiani. Piti akanyong'onyea kama nimemtukania mama.

"Hapana, mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Ndivyo ilivyo. Hii ni bia ya chungu."

Fundi Sikazwe, yule mshona suruali, akaweka glasi yake chini taratibu.

"Ya chungu cha nani, mwalimu? Cha dada yake huyu?"

Walicheka mpaka Mama Rozi akashika kaunta. Piti alimaanisha uchungu. Hiyo "ya" aliichomeka tu. Nimejua leo asubuhi, mpwa wangu aliponieleza kwamba neno lile la kwenye chupa maana yake ni chungu, si bora.

Lakini kilichonichanganya si kicheko. Funda la pili lilikuwa na ladha ninayoijua. Ulezi wa Skola, siku ya tatu, ukishapoa. Nilifumba macho nikaiona nyumba yetu. Sasa mimi nilikuwa namwonea aibu nani?

Leo baada ya misa nikaenda kwa Skola, Izia. Nikaanza kwa mbali, kwamba Waingereza wenyewe, nilivyowafahamu mimi kule Mpulungu...

"Mdogo wangu," akanikata. "Hukuwahi kuinywa, ee?"

Nikatazama kuku.

Hakucheka. Alisema kimea hakukimwaga, kimo ndani ya gunia, na harusi bado wiki mbili. Akanionyesha ngazi kwa kidevu.

Nimevishusha vyote vitatu nikiwa na suti yangu ya kanisani, masizi mpaka shingoni. Kimoja nilikigonga kwenye boriti. Hakikupasuka.

Kesho alfajiri nachota maji ya kuviosha, nimeahidi.

Ila linabaki hili moja. Wale wageni wa Dar wakivuta mirija, wakasifia, wakaniuliza mjomba hii ni bia ya wapi, nikijibu ya Kiingereza, nitakuwa nimedanganya?