Shimo Jeusi Nililomsimulia Mama

Mwangaluka! Salamu za asubuhi, mjukuu wangu Kabula.

Shangazi yako kajifungua salama kule Kiloleli. Mimi nimebaki na nyumba kimya tangu bibi yako atutoke.

Umeuliza kama naelewa unachosomea: mashimo meusi yaliyokua ndani ya galaksi ndogo zilizosongamana, ulimwengu ulipokuwa mchanga. Kidogo tu. Zamani, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, ofisi yetu ya ushirika ilifungwa, wenzangu wakatawanyika. Nilisoma habari za shimo jeusi gazetini, nikakosa wa kumwambia. Nikamsimulia mama yangu shambani.

“Linameza hata mwanga?”

“Ndiyo, mayu.”

Hakuelewa. Lakini aliacha kuchuma pamba, akakalia gunia lake, akasema, “Hebu nieleze tena.”

Kabula, niandikie yote, hata nisiyoyaelewa.

Babu yako